Kazi Ikikubadilikia

Leo jioni, ukishapumzika, chukua karatasi ujieleze kwa mistari kumi. Usitaje kazi yako, wala mahali unapoifanyia, wala cheo. Mistari ya kwanza haisumbui: mimi ni mama wa watoto wawili, ni mtu wa Singida, ni mshabiki wa Simba, naimba kwaya. Kuanzia mstari wa tano hivi kalamu huanza kusita, na wengine hujikuta wanaitaja kazi kwa kuzunguka: "napenda kuhudumia watu", "ni mtu wa mipango". Tazama umekwamia wapi. Hapo utaona ni kiasi gani cha nafsi yako umekiweka kwa mwajiri, naye anaweza kubadilisha mashine siku yoyote bila kukuuliza.

Kujivunia kazi si kosa. Sisi ni watu tunaoitana kwa kazi zetu: fundi, dokta, mwalimu, dereva. Mwalimu akistaafu anabaki mwalimu, nyumba yake ni kwa mwalimu, na wanawe ni watoto wa mwalimu hadi wazeeke. Heshima hiyo ni ya kweli na imewainua wengi. Tatizo linakuja pale kazi yenyewe inapokwenda kasi kuliko jina. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, shughuli nyingi zilizokuwa za dirisha la keshia wa benki zilihamia kwenye kibanda cha wakala chini ya mwavuli. Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Dar es Salaam, daladala ziliondolewa kwenye Barabara ya Morogoro, na makonda walioijua njia ile kituo kwa kituo wakalazimika kutafuta njia nyingine au kazi nyingine. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022, zamu ni ya watu wa kalamu na kompyuta: makarani, wafasiri, wahariri, wabunifu wa matangazo, waandishi wa programu. Wengi wao walisomeshwa kwa ng'ombe na mashamba yaliyouzwa, na waliamini kwamba shahada ni kinga. Ndiyo maana pigo linawaingia ndani kuliko mfukoni.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye bado kazini na ameanza kuona dalili, na pia wa yule ambaye barua ya kuachishwa imeshamfikia. Unakutaka uyafungue mambo yaliyofungwa pamoja ndani ya kazi yako, ujue lipi linaondoka na lipi linabaki na wewe.

Andika matendo, acha cheo

Kwa wiki moja, kila ukitoka kazini, andika ulichofanya. Usiandike "nilishughulikia uhasibu". Andika: nililinganisha stakabadhi na taarifa ya benki, nilimpigia muuza saruji aliyekuwa anakwepa kulipa, nilimtuliza bosi kabla hajamfokea kijana wa stoo, nilimwelekeza mgeni namna ya kutumia mfumo. Mwisho wa wiki weka alama kwenye kila tendo ambalo programu inaweza kulifanya leo. Usijidanganye, maana orodha hii humsomei mwajiri.

Ili uone ninachosema, mtazame mpiga picha wa studio za mitaani enzi za filamu. Roli moja ilikuwa na picha 36, na kila picha ilikuwa pesa. Familia inaingia imevaa nguo za sikukuu. Anaanza kwa kumkalisha bibi kwenye kiti cha katikati, mkoba magotini. Anamsogeza baba nusu hatua ili kivuli cha kofia kisimfunike uso. Mtoto anayelia anapewa maua ya plastiki ayashike. Anaona wake wenza wamesimama huyu kule na huyu huku, hamuulizi mtu kitu, anawapanga tu kwa upole ili picha isije ikasema jambo ambalo familia haitaki lisemwe. Ndipo anapiga. Baadaye anaingia chumba cha giza kusafisha filamu, anaitundika ikauke, anasafisha picha, anazitia kwenye bahasha zenye jina la studio.

Kodak, iliyouza filamu hizo dunia nzima, iliomba mahakamani kinga ya muflisi Januari 2012. Kamera za dijitali na simu zilikuwa zimeshachukua chumba cha giza, zikachukua kupima mwanga, zikachukua hata kulenga. Kumpanga bibi na wake wenza hazikukuchukua. Sitakudanganya kwamba kilichobaki kililipa pango la studio. Mara nyingi hakikulipa, na studio nyingi zilifungwa. Lakini aliyejihesabu kuwa mtu wa chumba cha giza aliishiwa siku ile ile chumba kilipofungwa, wakati aliyejua kwamba kipaji chake ni kuwasoma watu na kuwaweka mahali pao alitoka na kitu mkononi. Kitu hicho kinatakiwa kwenye video za harusi, kwenye ushereheshaji, kwenye kuendesha kikao cha ukoo, hata kwenye kulea wajukuu.

Orodha hii iandike mwenyewe, usiwaachie watu wa teknolojia wakuandikie. Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa akili mnemba ya sasa na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2024, alisema mwaka 2016 kwamba watu waache kufundisha madaktari wa kusoma picha za eksirei, kwa kuwa ndani ya miaka mitano, au kumi kwa kuchelewa, mashine itawapita. Madaktari hao bado wanatafutwa. Hinton aliitazama kazi yao akaona tendo moja, kutazama picha. Wao wenyewe wangemwambia kwamba pia wanashauriana na daktari wa upasuaji, wanaamua mgonjwa huyu anafaa kipimo gani, wanaongoza sindano kwenye uvimbe huku wakiutazama kwenye skrini. Mtu wa nje huona sehemu ya kazi inayong'aa, na hiyo ndiyo anayoitabiria kifo.

Kazi inakupa nini zaidi ya mshahara

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua kinachowauma.

Karibu na mji wa Vienna, Austria, kulikuwa na kijiji kiitwacho Marienthal kilichoishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Mdororo wa uchumi ulipokifunga kiwanda hicho kuelekea mwaka 1930, karibu kijiji kizima kilibaki bila kazi. Watafiti vijana, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walichunguza maisha ya watu wale, na kitabu chao kilitoka mwaka 1933. Walitarajia kwamba watu wenye muda mwingi watasoma zaidi, watakutana zaidi, watashiriki siasa zaidi. Walikuta kinyume chake. Uazimaji wa vitabu kwenye maktaba ya kijiji ulishuka karibu nusu, ingawa ada ilikuwa imefutwa. Wanaume wengi waliacha kubeba saa. Barabarani walitembea polepole na kusimama ovyo, wakati wanawake walipita haraka kwa kuwa nyumbani kulikuwa na maji ya kuchemsha na watoto wa kuogesha. Wake walilalamika kwamba waume wanachelewa chakula cha mchana, na hakuna shughuli iliyowachelewesha. Wanaume walipoombwa kueleza wameitumiaje siku yao, walikumbuka kuamka, kula na kulala, basi.

Katika kitabu chake cha 1982, Jahoda alieleza kwamba ajira humpa mtu mambo matano ambayo hayaandikwi kwenye mkataba: mpangilio wa saa, watu walio nje ya familia yake, lengo linalomzidi yeye mwenyewe, hadhi, na shughuli inayomlazimu kuinuka. Yote matano yanakuja kwa bahasha moja, na mwajiri akiichukua bahasha yanaondoka kwa mpigo. Wanawake wa Marienthal walipoteza kipato kama waume zao, lakini saa zao hazikuvunjika, kwa sababu kazi za nyumbani hazikufungwa pamoja na kiwanda. Hata hivyo wengi wao walisema wangerudi kiwandani kama kungekuwa na nafasi, kwa kuwa waliwakosa wenzao. Nyumba iliwapa saa, haikuwapa watu.

Kwa hiyo jukumu lako ni kuyatawanya mambo hayo matano mahali zaidi ya pamoja, na kuyatawanya ukiwa bado na ajira, maana baada ya barua nguvu hupungua. Anza na saa. Tafuta jambo moja la kila wiki, lenye siku na saa yake, ambalo usipofika utaulizwa. Mazoezi ya kwaya Jumatano. Darsa baada ya swala ya magharibi. Mpira wa maveterani Jumamosi asubuhi. Kikao cha kikoba. Kigezo ni hicho cha kuulizwa. Kusoma kitabu peke yako kitandani ni jambo zuri, ila siku usiposoma hakuna anayegonga mlango, na Marienthal inatuonyesha kwamba vitabu vya bure havikuwatosha watu waliokuwa hawasubiriwi popote.

Kisha tafuta dhamana nje ya ofisi: mjumbe wa kamati ya shule, katibu wa chama cha kuzikana, msimamizi wa kisima cha mtaa. Hapa nakuonya jambo. Mhasibu akichaguliwa mweka hazina wa kikoba, mweka hazina wa msikiti na mweka hazina wa harusi ya kila mpwa, bado amekaa kwenye kiti kile kile. Programu ya hesabu ikiingia, itamkuta kote. Chagua angalau mahali pamoja ambapo wewe ni mwanagenzi kabisa, ambapo kijana wa miaka kumi na saba anakuelekeza namna ya kushika ngoma, jembe au sindano ya kufuma. Mkurugenzi atakayeona aibu mwanzoni ndiye hasa anayekihitaji kitu hiki.

Watu wetu wameishi hivi kabla yetu. Shaaban Robert aliajiriwa forodhani mwaka 1926, akawa karani huko hadi 1944, kisha akahamia idara nyingine za serikali ya kikoloni. Maisha yake ya ajira yalikuwa ya ukarani, na ndani ya miaka hiyo hiyo aliandika mashairi na vitabu vilivyomfanya awe Shaaban Robert. Katika vitabu hivyo kimo cha maisha ya Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyekuwa akifinyanga vyungu na kuvibeba kwenda kuviuza mjini kabla sauti yake haijampeleka Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Karani aliandika maisha ya mfinyanzi, na wote wawili tunawakumbuka kwa walichokifanya nje ya kilichowapa ugali. Sitaki usome hapa kwamba lazima uwe mshairi. Nataka uone kwamba ukarani haukumla karani wote.

Badilisha kipimo

Mtu aliyezoea kuwa wa kwanza ana jeraha lake la pekee. Machi 2016, jijini Seoul, bingwa wa mchezo wa Go Lee Sedol alipambana na programu ya AlphaGo akashindwa michezo minne kwa mmoja. Novemba 2019 alitangaza kustaafu, akieleza kwamba hata akiwa namba moja kuna kitu ambacho hakishindiki. Siwezi kumlaumu. Alikuwa amejenga maisha kwenye kilele, na kilele kikahamishwa.

Bingwa wa sataranji Garry Kasparov naye alipigwa na kompyuta ya Deep Blue huko New York Mei 1997, na alikasirika sana. Mwaka mmoja tu baadaye alikwenda León, Uhispania, kucheza dhidi ya Veselin Topalov katika mashindano ambayo kila mmoja aliruhusiwa kuwa na kompyuta pembeni yake. Aliendelea kucheza hadi 2005. Alikuwa amejiuliza swali jingine: binadamu mwenye mashine mkononi anaweza kuona nini ambacho peke yake hakioni?

Kama kipimo chako ni kuwa mwepesi kuliko wenzako, au kukumbuka zaidi, au kuandika bila kosa, kiache mapema, maana hapo mashine imeshashinda. Shika vipimo ambavyo havina mshindani: mwezi huu nimeelewa nini ambacho mwezi uliopita sikukielewa? Nani amefanikisha jambo lake kwa sababu nilikuwepo? Kazi gani niliirudia mara ya pili kwa sababu mimi mwenyewe sikuridhika nayo, ingawa aliyeniagiza alikuwa ameshaipokea?

"Siku hizi uko wapi?"

Hakuna swali linalomwogopesha aliyepoteza kazi kama hili. Utakutana nalo msibani, kwenye kikao cha harusi, kwenye foleni ya luku. Wapo wanaoacha kwenda misibani ili wasiulizwe, na kwa kufanya hivyo wanakata wenyewe kamba iliyobaki. Andaa jibu nyumbani, ulitamke kwa sauti mpaka lisikukwame kooni. Liwe na ukweli, liwe na jambo unalolifanya sasa, na liwe na ombi lililo wazi. Hivi:

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba baba, hujambo? Siku hizi uko wapi? Bado upo benki?"

"Benki walipunguza watu mwezi wa tatu, nami nikawemo. Sasa namsaidia shangazi kuweka sawa hesabu za duka, na jioni nafundisha vijana wa kwaya kusoma nota. Kazi natafuta. Ukisikia mahali usinisahau."

"Haya baba. Na zile hesabu za kikundi chetu zimetuvuruga kweli, njoo uziangalie Jumamosi."

Ukisema "nipo nipo tu", mazungumzo yanafia hapo na mama mkubwa anabaki na huruma asiyojua aipeleke wapi. Na wewe unayeuliza, zoea kuuliza vinginevyo. "Siku hizi unapenda kufanya nini?" "Watoto wanaendeleaje?" "Ile bustani bado unayo?" Mtu atakuambia habari ya kazi mwenyewe akitaka.

Pesa ni pesa

Maneno yote haya yanaweza kugeuzwa kuwa dawa ya usingizi, na sitaki. Mei 2023, mashine za kuchumia chai zilichomwa moto katika maandamano Kericho, Kenya. Walioandamana walikuwa wanalilia ujira wa watu wanaolipwa kwa kilo wanazochuma, na mwenye shamba akiwaambia kwamba wao ni zaidi ya kazi yao anawatukana. Kutenganisha nafsi na kazi ni jambo la mtu kujifanyia mwenyewe kwa ajili ya uzima wake. Mwajiri hana haki ya kulihubiri huku anaandika barua za kupunguza watu.

Kwa hiyo jua haki zako kabla hujakaa kutafakari. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayetaka kupunguza wafanyakazi atoe taarifa ya nia hiyo mapema na ashauriane nao au chama chao, na kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Ukiona umeachishwa isivyo halali, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wengi huzipoteza siku hizo wakiona haya. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inadai taarifa ya mwezi mmoja na angalau malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kudai pesa hizi hakukufanyi kuwa king'ang'anizi wa cheo. Umeshazifanyia kazi.

Kama aliyepoteza ni wa nyumbani kwako

Mke, mume au mzazi wako akipata barua hiyo, usikimbilie kumfariji kwa kumwambia Mungu atafungua mlango mwingine. Imani ataipata kwa wakati wake. Wiki ya kwanza mpe utulivu. Kuanzia ya pili anahitaji saa na watu, na wewe unaweza kumpatia vyote viwili. Usimgeuze msichana wa kazi ambaye halipwi, akatumwa huku na kule kwa kuwa "si upo tu". Mpe jambo kamili analolimiliki toka mwanzo hadi mwisho: ujenzi wa choo cha nje, masomo ya hesabu ya mtoto wa kidato cha pili, mashauri ya kiwanja cha babu yaliyolala kwa mjumbe miaka mingi. Ripoti yake isikilizwe mezani kama inavyosikilizwa ya anayeleta mshahara, na watoto waione ikisikilizwa.

Ukimsikia anaanza kusema "zamani nilipokuwa meneja", usimkatize, wala usimkumbushe kwamba hayo yamepita. Muulize siku hizo za umeneja alipenda hasa nini kufanya, na umwache aeleze kwa kirefu. Kama atajibu kwamba alipenda kuwafundisha vijana wapya, unajua pa kuanzia: kikundi cha vijana cha mtaa, duka la mpwa wako aliyeajiri wasaidizi wawili wasiojua kuandika risiti. Mpangie siku na yule mpwa, mwambie saa ya kufika na anachotakiwa kwenda nacho, na mpwa naye ampigie simu asubuhi hiyo kumuuliza kama ameshatoka.